CS au IT? Mdogo wangu ana PCM yenye D ya hesabu, ajaze ipi kwanza

Kaka_wa_Mpanda

Wakuu, habari za jioni.

Mdogo wangu wa kike amemaliza kidato cha sita, PCM: Fizikia C, Kemia D, Hesabu D. Kidato cha nne hesabu alipata B. Anataka kusoma kompyuta, na hapo nyumbani hatuna mjadala. Mjadala ni Sayansi ya Kompyuta au Teknolojia ya Habari. Kila tunayemuuliza anatupa jibu lile lile: CS ni kuandika programu, IT ni kutengeneza kompyuta. Halinitoshi, maana sioni mtu akikaa chuo miaka mitatu anajifunza kufungua kompyuta.

Wenye uelewa naombeni msaada. Darasani wanasoma nini hasa, na njia zinaachana wapi? Hiyo D ya hesabu inamfungia mlango wa CS au inambana tu? Serikalini na kwenye makampuni wanazitofautisha hizi digrii? Na akishaingia akaona siko, anaweza kuhama?

---

Mzee_wa_Seva

Mkuu, hilo jibu mlilopewa liacheni. Kubadilisha kioo, kuongeza RAM na kusafisha feni ni kazi ya fundi, hufundishwa kwenye vyuo vya ufundi na kozi fupi. Siyo digrii ya IT.

Njia zinaachana hivi. Vyama vya ACM na IEEE vya Marekani, ambavyo miongozo yao ya mitaala hufuatwa na vyuo vingi duniani, mwaka 2005 vilitoa ripoti iliyoyapanga masomo ya kompyuta katika fani tano: uhandisi wa kompyuta, sayansi ya kompyuta, mifumo ya habari, teknolojia ya habari na uhandisi wa programu. Toleo la 2020 likaongeza usalama wa mtandao. CS inashughulika na namna ya kuunda programu kuanzia chini kabisa na kujua kwa nini inafanya kazi. IT inashughulika na kuchagua vitu vilivyokwisha kuundwa, kuviunganisha, kuviendesha na kuvilinda ndani ya taasisi yenye watu wanaovitegemea.

Chukua hospitali ya wilaya. Mfumo wa kusajili wagonjwa umeandikwa na mtu wa CS, au mtu mwenye ujuzi wa namna hiyo. Lakini nani amepanga mtandao ili kompyuta za maabara zisichanganyike na Wi-Fi ya wageni? Nani anajua seva imebakiza nafasi kiasi gani? Muuguzi akihamishiwa wodi nyingine, nani anampa ruhusa mpya na kumwondolea ya zamani? Umeme ukikatika usiku, data ya jana iko wapi? Hiyo yote ni IT, na kila kipengele hapo ni somo zima chuoni: mitandao, usimamizi wa seva, usimamizi wa kanzidata, usalama, usimamizi wa miradi.

Nitoe mfano mmoja wa darasani ili mdogo wako apime ladha yake. Umepewa mtandao 192.168.10.0/24, yaani wenye anwani 256. Una idara nne na kila moja iwe na mtandao wake. Unaukata kuwa /26 mara nne, kila kipande kina anwani 64, mbili hazigawiwi mashine, zinabaki 62. Kipande cha kwanza ni .1 hadi .62, cha pili .65 hadi .126, na kuendelea. Mtu mmoja wa idara ya kwanza, kompyuta yenye anwani .10, akaandikiwa maski (namba inayoiambia kompyuta mtandao wake unaishia wapi) ya 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.192. Intaneti inafunguka vizuri. Printa ya idara ya pili, yenye anwani .70, haionekani kabisa. Kwa nini? Kwa sababu kwa maski ile kompyuta inaamini .70 iko mtaa mmoja na yeye, kwa hiyo inaiita moja kwa moja wala haipiti kwa ruta, kifaa kinachounganisha mitandao. Mwito haufiki, isipokuwa ruta iwe imewekwa kuitikia kwa niaba ya wengine. Intaneti inafanya kazi kwa sababu anwani za nje ziko mbali kwa maski yoyote, hivyo lazima ipite kwa ruta.

Mtu akisoma aya hiyo akasisimka na kutaka kujua zaidi, IT inamfaa. Akiona ni adha tupu, ajiulize vizuri.

---

Hesabu_Kwanza

Naongezea upande wa CS, maana ndiko watu wengi huingia bila kujua wanaingia wapi.

Mwaka wa kwanza wa CS una hesabu kuliko wengi wanavyotarajia. Kuna Diskriti, yaani mantiki, seti, mahusiano, kuhesabu michanganyiko, na grafu. Kuna kalkulasi, aljebra ya matriksi, na baadaye uwezekano na takwimu. Upande wa kompyuta kuna programu, mara nyingi kwa lugha ya C kwanza, kisha miundo ya data na algoriti, muundo wa ndani wa kompyuta, mifumo endeshi, nadharia ya ukokotoaji, kompaila (programu inayotafsiri kodi kuwa lugha ya mashine), kanzidata, na akili mnemba.

Kwa nini hesabu zote hizo? Chukua orodha ya watahiniwa 500,000 iliyopangwa kwa namba ya mtihani. Ukimtafuta mmoja kwa kuanzia juu kwenda chini, huenda ukalinganisha mara 500,000. Ukianzia katikati, ukatupa nusu isiyohusika, ukarudia, unampata kwa kulinganisha mara 19 tu au chini ya hapo, kwa sababu 2 ikizidishwa yenyewe mara 19 inatoa 524,288. Hiyo ni logi ya sekondari imegeuka kuwa kasi ya mfumo. Ila inadai orodha iwe imepangwa. Ukisahau sharti hilo, programu haitalalamika. Itakuambia tu mtahiniwa hayupo wakati yupo. Makosa ya namna hii ndiyo magumu, yasiyotoa ujumbe wowote wa kosa.

Mfano wa pili. Una rekodi 100,000 na unataka kujua kama kuna namba ya simu iliyojirudia. Mwanafunzi wa kawaida anaandika lupu (amri inayojirudia) ndani ya lupu. Anapopima na rekodi 200 inamaliza papo hapo, anafurahi, anakabidhi kazi. Kwa rekodi 100,000 jozi za kulinganisha zinakaribia bilioni 5. Kama lugha yake inalinganisha jozi milioni 10 kwa sekunde, atasubiri zaidi ya dakika 8. Mwenye kujua miundo ya data anapita mara moja tu, kila namba anaiweka kwenye jedwali la heshi na kuuliza kama imo tayari. Hatua 100,000, chini ya sekunde moja. Kompyuta ni ile ile na lugha ni ile ile.

Sasa D ya Advance. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kwa waliomaliza kuanzia 2016, A ni alama 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Kima cha chini cha jumla cha kuingia digrii ni alama 4.0 kutoka masomo mawili, na yeye ana 5 kwa Fizikia na Hesabu. Kwa hiyo hajafungiwa. Ila hicho ni kima cha mlangoni tu. Kila programu ina masharti yake ndani ya kitabu cha mwongozo cha TCU kinachotolewa kila mwaka, na juu ya masharti kuna ushindani. Asome mstari wa programu husika wa mwaka huu. Asitumie picha ya mwaka jana inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp.

Swali la maana zaidi kwangu ni D hiyo imetoka wapi. Kama ilitokana na kalkulasi na vekta, lakini mada za mantiki, seti na uwezekano alikuwa anaziweza, CS atasumbuka muhula mmoja au miwili kisha atatulia, kwa sababu Diskriti ni hesabu ya namna nyingine kabisa. Kama anachukia kuthibitisha jambo hatua kwa hatua, hapo kuna shida ya kweli, kwa sababu CS kuthibitisha hakuna mwisho. Kunabadilika jina tu kila muhula.

---

Binti_Kanzidata

Hesabu_Kwanza kaeleza vizuri, lakini naogopa msomaji ataondoka akidhani IT ni kimbilio la wasiopenda hesabu. Hapana. IT nayo ina programu, ina kanzidata, na mara nyingi ina takwimu na hesabu za msingi. Anayekimbilia IT ili asikutane na programu anapata sapu (mtihani wa marudio) kwenye somo la programu mwaka wa kwanza, na anaibeba mwaka wa pili akiwa na masomo mengine yanayoitegemea. Mnyororo huo ndio unaowatoa watu chuoni. Somo lenyewe peke yake huwa linabebeka.

Jambo la pili, nalo ninalisisitiza kuliko yote niliyosoma humu: jina la digrii halitoshi, soma orodha ya masomo. Hapa kwetu majina ni mengi mno. UDSM pale CoICT Kijitonyama (ndaki yao ya TEHAMA) wana Sayansi ya Kompyuta ya miaka 3, na wana Uhandisi wa Kompyuta na Teknolojia ya Habari ya miaka 4. Hiyo ya pili ina neno IT lakini ni uhandisi, hesabu na elektroniki zimejaa. UDOM pale CIVE (ndaki yao ya kompyuta) wana CS, wana Uhandisi wa Programu wa miaka 4, na nyingine kadhaa. Mzumbe wana TEHAMA iliyochanganywa na usimamizi au biashara. SUA wana Informatics. IFM wana CS na IT bega kwa bega, na hapo ndipo pazuri pa kulinganisha kwa macho kwa sababu chuo ni kimoja.

Namna ya kusoma prospektasi: fungua jedwali la masomo la mihula yote sita. Chukua karatasi, gawa safu nne. Ya kwanza hesabu na nadharia. Ya pili programu na kuunda mifumo. Ya tatu mitandao, seva, usalama na kanzidata kwa upande wa kuziendesha. Ya nne biashara, usimamizi, mawasiliano. Usihesabu idadi ya masomo, jumlisha krediti. Krediti moja kwa utaratibu wetu ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo mihadhara, vitendo na kusoma mwenyewe. Digrii ya miaka 3 haipungui krediti 360. Somo la krediti 12 ni saa 120 za maisha yake. Ukijumlisha hivyo utaona digrii iliyoandikwa IT ambayo safu ya pili imeizidi ya tatu, na utaona iliyoandikwa CS ambayo haina kompaila wala nadharia ya ukokotoaji. Sasa unajua unachonunua.

Angalieni pia saa za vitendo. Somo la mitandao lisilo na saa za maabara ni la kukariri, na mtu anahitimu hajawahi kushika swichi inayoweza kusanidiwa.

Kuhusu ajira serikalini: fungua matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, tafuta Afisa TEHAMA Daraja la II. Sifa huandikwa shahada ya Sayansi ya Kompyuta, Teknolojia ya Habari, Mifumo ya Habari, Uhandisi wa Kompyuta au fani inayolingana nazo. Kwa hiyo kwenye karatasi zote zinaingia. Ila nafasi yenyewe hutajwa aina: mtayarisha programu, msimamizi wa mitandao, msimamizi wa kanzidata, usalama. Usaili wa mchujo na ule wa vitendo hufuata aina hiyo. Mwenye CS aliyeomba nafasi ya mitandao bila kugusa ruta anaanguka, na mwenye IT aliyeomba ya programu bila kuandika mfumo hata mmoja anaanguka vile vile.

---

Mzee_wa_Seva

Dada Binti_Kanzidata, hapo kwenye vitendo umenigusa. Niongeze vyeti vya kitaaluma, maana makampuni ya simu, mabenki na watoa huduma za intaneti huviuliza sana kwa upande wa IT.

CCNA ya Cisco, cheti cha mitandao, ni mtihani mmoja, namba 200-301, dakika 120, na cheti kinadumu miaka 3. RHCSA ya Red Hat, cheti cha kusimamia seva za Linux, ni mtihani wa vitendo mtupu: unapewa mashine, unapewa kazi, mwisho mashine inakaguliwa kama inafanya ulichoagizwa. Huwezi kukisia. Kwa anayetaka seva nauona una uzito kuliko wowote wa kuchagua A, B, C, D. Muda mzuri ni likizo ya mwaka wa pili kwenda wa tatu, wakati masomo ya mitandao na mifumo endeshi bado yako kichwani. Mwaka wa kwanza ni mapema mno, anakariri bila msingi. Baada ya kuhitimu anachelewa, maana fildi (mafunzo kazini) na usaili vimeshapita bila cheti.

Upande wa CS cheti hakina nguvu hiyo. Kinachoulizwa ni kazi zinazoonekana: mfumo mmoja au miwili iliyokamilika, kodi ipo GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi), ina maelezo ya namna ya kuiendesha, na historia inaonyesha aliiandika kidogo kidogo kwa miezi. Mradi uliopakiwa wote siku moja unatiliwa shaka na kila mkaguzi mwenye uzoefu.

---

Kaka_wa_Mpanda

Asanteni sana wakuu, na wewe dada. Tumekaa naye tumesoma pamoja. Ule mfano wa maski aliusoma mara tatu, akachora na mchoro. Ule wa rekodi 100,000 nao kaupenda, kwa hiyo bado tuko pale pale!

Tuna kama wiki tatu kabla ya maombi. Kuna kitu anaweza kufanya nyumbani ajipime? Kuna kompyuta ya mezani ya zamani, RAM GB 8, intaneti ni ya bando.

---

Hesabu_Kwanza

Ipo njia, na kompyuta hiyo inatosha. Wiki ya kwanza ajaribu CS, ya pili IT, ya tatu arudie ile iliyomvuta.

Wiki ya CS aanze kwa karatasi bila kompyuta. Athibitishe kwamba ukijumlisha namba witiri za mwanzo, 1 + 3 + 5 na kuendelea hadi ziwe n, jumla ni n mara n. Asiishie kuonyesha kwa mifano mitano. Atoe hoja inayoshika kwa n yoyote: kama inashika kwa n, kwa nini lazima ishike kwa inayofuata? Akwame, alale, arudi kesho yake. Ninachotaka mjue ni kama alirudi mwenyewe.

Kisha asakinishe Python, haimalizi bando. Aandike programu inayopanga namba 1,000 za kubahatisha kutoka ndogo hadi kubwa bila kutumia amri ya kupanga iliyomo tayari. Apime muda. Aongeze ziwe 2,000, kisha 4,000, kisha 8,000. Kama ametumia njia ya kawaida ya wanaoanza, ataona kila akizidisha idadi mara mbili muda unazidi karibu mara nne. Ajieleze kwa nini ni nne na siyo mbili. Akijibu hilo kwa maneno yake, D ya Advance isimtishe.

Kozi ya CS50 ya Harvard nayo ni ya bure mtandaoni. Inaanza na C mapema na inabana kweli. Video zinakula bando, kwa hiyo ashushe maelezo ya maandishi na ya mazoezi. Wengi huishia pale kwenye pointa (anwani za ndani ya kumbukumbu) na kumbukumbu ya kompyuta, wiki ya nne. Akivuka hapo, ana uvumilivu wa CS.

---

Mzee_wa_Seva

Wiki ya IT. Asakinishe VirtualBox, programu ya bure ya kuendesha kompyuta ya kuigiza (mashine pepe) ndani ya kompyuta yake, kisha ashushe Ubuntu Server, mfumo endeshi wa seva. Faili hilo lina ukubwa wa GB kadhaa, amwombe mtu mwenye Wi-Fi amwekee kwenye flashi. Atengeneze mashine pepe, RAM GB 2, diski GB 20.

Atakwama sehemu mbili, nazitaja ili asidhani ni yeye. Kwanza mashine pepe inaweza kukataa kuwaka kwa sababu uwezo wa kuendesha mashine pepe umezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Awashe upya, aingie BIOS, atafute VT-x kama prosesa ni ya Intel au SVM kama ni ya AMD, aiwashe. Pili, atasakinisha Nginx (programu ya kuhudumia tovuti) ndani ya Ubuntu, atafungua kivinjari kwenye kompyuta yenyewe, na ukurasa hautakuja. Sababu ni kwamba VirtualBox huiweka mashine kwenye NAT, yaani inatoka nje lakini haiingiliki. Abadilishe adapta iwe ya Bridged (mashine pepe inapata anwani yake kwenye mtandao wa nyumbani), awashe upya, aandike `ip a` aone anwani mpya, aifungue hiyo kwenye kivinjari. Kama kompyuta haiko kwenye mtandao wowote wenye ruta, Bridged haitapata anwani. Hapo atumie Host-only, mtandao wa kompyuta yake na mashine pepe peke yao.

Ukurasa ukija, kazi ndiyo inaanza. Aharibu. Afungue faili la usanidi la Nginx, afute nukta mkato moja, aiwashe upya. Itagoma. Sasa atafute kosa bila kuuliza mtu: `systemctl status nginx`, kisha `sudo nginx -t`, ambayo itamtajia faili na mstari ulipo utata. Arekebishe. Halafu abadilishe lango (port) kutoka 80 kwenda 8080 na aone kwa nini ukurasa umepotea ingawa huduma inasema inafanya kazi. `ss -tln` itamwonyesha inasikiliza lango lipi.

Mwisho afanye bakapu. Anakili tovuti yake nje ya mashine pepe, aifute mashine yote, aijenge upya na kuirudisha tovuti kutoka kwenye ile nakala. Hili la mwisho ndilo kipimo changu. Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa haijathibitika kuwa ipo. Maofisini hukutwa skripti inayofanya kazi kila usiku kwa mwaka mzima, lakini diski ilijaa zamani na mafaili yote ya karibuni ni ya ukubwa wa sifuri. Hakuna aliyeyafungua. Mwenye tabia ya kwenda kuyafungua bila kuambiwa ndiye mtu wa IT.

Kwa mitandao, Packet Tracer ya Cisco, programu ya kuigiza mitandao, inapatikana bure akijisajili Networking Academy. Ajenge ule mtandao wa idara nne, aweke maski mbaya kwa makusudi, aone kwa macho.

---

Binti_Kanzidata

Naomba nijibu la kuhama, limepitwa.

Kuhama kati ya CS na IT ndani ya chuo kimoja kunawezekana kama ana sifa za programu anayoiendea na nafasi ipo, na ni rahisi zaidi wiki za mwanzo za mwaka wa kwanza. Baadaye tatizo ni masomo. Anayetoka CS kwenda IT huwa na mengi yanayohesabika. Anayetoka IT kwenda CS mwaka wa pili anakuta Diskriti na kalkulasi hazimo kwenye matokeo yake, na masomo ya mbele yanazidai. Kwa hiyo akiwa na mashaka sawasawa kwa sawasawa na hesabu haimtishi, CS kwanza ina njia pana ya kurudi nyuma. Kama anakusudia baadaye mambo ya akili mnemba, ni CS bila kusita, kwa sababu matriksi na uwezekano ndiyo mwili wake. Kinyume chake, kama wiki ya Mzee_wa_Seva imemfanya akeshe kwa furaha, asijilazimishe CS kwa sababu jina linasikika zito. GPA ya 3.8 ya IT yenye CCNA inamfikisha mbali kuliko 2.5 ya CS iliyopatikana kwa machozi, hasa kwa vile matangazo mengi ya kampuni hudai daraja la pili la juu, yaani kuanzia 3.5.

Kuhusu kujaza: maombi yanapelekwa kwa kila chuo moja kwa moja, na ndani ya chuo anapanga programu kwa kipaumbele. Asijaze programu zote zenye ushindani mkubwa kwenye chuo kimoja. Aweke anayoitaka juu, kisha ile ambayo sifa zake zinaizidi masharti. Akichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima athibitishe kimoja kwa namba maalumu ndani ya muda uliotangazwa. Namba ya simu aliyojaza iwe yake na iwe hewani. Wapo wanaojaza ya mwenye steshenari aliyewasaidia, ujumbe unakwenda huko, nafasi inapotea.

---

Kaka_wa_Mpanda

Dada, hilo la steshenari limetuokoa, tulikuwa tunaelekea huko huko. Nitamfungulia laini yake kesho.

La mwisho: akipata chuo tununue laptopu ya namna gani? Bajeti ni ya mtumba.

---

Mzee_wa_Seva

Mtumba unafaa, ila muangalie mambo haya. Prosesa i5 ya kizazi cha nane au juu yake, namba baada ya "i5-" ianze na 8 au 9, au na 10, 11 na kuendelea. Windows 11 inadai takriban hapo. Diski iwe SSD, GB 256 inatosha. Ya kuzunguka msiinunue hata kwa bei ya kutupa. RAM GB 8 kwa CS inakwenda. Kwa IT atahitaji 16, kwa sababu akiwasha mashine pepe tatu pamoja, GB 8 zinaisha. Basi nunueni yenye 8 lakini mfungue au muulize kama ina nafasi ya kuongeza. Nyingi nyembamba RAM imeunganishwa kwenye bodi, haiongezeki.

Dukani msikubali kuiona ikiwa kwenye chaja. Ichomoeni, fungueni Command Prompt, andikeni `powercfg /batteryreport`. Itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ulipotoka kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa wa sasa uko chini ya nusu, ongezeni gharama ya betri mpya kwenye bei kabla hamjapatana. Mjaribu pia kila kitufe cha kibodi, kila tundu la USB, na muingie BIOS kuona kama kuna nywila ya ofisi iliyoiuza. Ikiwepo na muuzaji hawezi kuitoa mbele yenu, rudisheni mezani.

---

Kaka_wa_Mpanda

Nimeandika yote. Ameanza na namba witiri usiku huu, nitaleta mrejesho wiki ya tatu.